Umepima Barabara, Hukupima Mbuga

Mwaka jana mwezi wa 5 niliingia ofisini kwa msimamizi wangu wa utafiti nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Nilikuwa na fomu 40 zilizojazwa, mifuko ya udongo iliyoandikwa kwa maka peni, na ramani niliyoichora mwenyewe. Kichwa cha utafiti wangu kilikuwa kirefu mno, ila maana yake ilikuwa nyepesi: ni nyasi gani zinaota kwenye mbuga ya kijiji chetu kule Simanjiro, na udongo wake ukoje. Msimamizi hakufungua fomu hata moja. Aliitazama ramani, akaweka rula juu yake, akauliza, "Hizi nukta zako mbona zote ziko kwenye mstari?"

Nikamweleza ukweli. Bumu lilichelewa. Bodaboda wa kuniingiza ndani ya mbuga alitaka hela ambayo sikuwa nayo, na mfuko wa udongo mbichi si mzigo wa kubeba kilomita nane kwa mguu. Basi nikawa nashuka kwenye gari, natembea hatua kadhaa kutoka barabara ya moramu, naweka fremu yangu ya mita moja kwa moja, nahesabu majani, nachimba, naondoka. Hakuna nukta iliyokuwa mbali na barabara zaidi ya mita 40.

"Basi umepima barabara," akasema. "Mbuga hukuipima."

Najua wengi mnaosoma hapa mtacheka, maana nusu yenu mlifanya hivyohivyo kwenye fildi zenu. Mimi nilitaka kubisha. Majani ni majani, bwana, yawe mita 40 au mita 4,000. Nilitoka pale na hasira, nikaenda kukaa kwenye kimbweta, nikafungua zile fomu moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekiandika kwa mkono wangu bila kukiona: gugu karoti kwenye karibu kila fomu. Nimezaliwa Simanjiro. Nimechunga mbuga ile tangu nikiwa mtoto. Kule ndani, tunakolaza ndama, sikumbuki kuona gugu karoti hata shina moja.

Sasa tuanze somo lenyewe.

Mahali ambapo aina moja ya makazi ya viumbe inakutana na nyingine panaitwa ukingo. Msitu na shamba vinakutana kwenye ukingo. Mbuga na barabara vivyo hivyo. Asili nayo ina kingo zake: pembeni mwa kichuguu, kandokando ya korongo, pale udongo mwekundu unapoishia na ule mweusi wa mfinyanzi unapoanza. Lakini ukingo wa asili mara nyingi huja polepole, unavuka bila kujua umevuka. Ukingo wa binadamu unakatwa kwa siku moja, umenyooka, na pande mbili zinazokutana hazikuwahi kujuana. Kinachofuata ndicho wanaikolojia wanachokiita athari za ukingo: upande mmoja unaanza kuupelekea mwenzake maji, vumbi, mbegu, joto, mifugo, moto au mbolea, na mwenzake anabadilika hata kama hakuna aliyemgusa.

Mengi tuliyofundishwa darasani kuhusu jambo hili yametoka msituni. Mwaka 1979 Thomas Lovejoy na wenzake walianza kufuatilia vipande vya msitu wa mvua karibu na Manaus, Brazil, na utafiti ule umeendelea kwa miongo. Msituni ukingo unaonekana kwa macho. Miti ikikatwa, jua na upepo vinaingia pembeni, unyevu unapungua, miti mikubwa iliyozoea kivuli inakufa imesimama au inaangushwa. Mbugani hakuna kivuli cha kupotea. Jua ni lilelile, upepo ni uleule. Ndiyo maana mtu kama mimi anaweza kusimama katikati ya ukingo na fremu mkononi akaamini yuko mbugani. Mabadiliko yapo, ila mengi yako chini ya miguu yake.

Chukua barabara ya moramu. Mvua ikinyesha, maji hayapenyi kwenye uso ulioshindiliwa. Yanateremka pembeni, kwa hiyo ile mita chache ya pembeni inapata mvua yake na ya barabara juu yake. Majani pale yanawahi kuchipua na yanachelewa kukauka. Ukipita na gari utasema mbuga imestawi. Kumbe unaangalia kijani cha barabarani. Kwa sababu ni kijani, mbuzi na ng'ombe wanasogea, wanakula mpaka kwenye shina na kushindilia udongo kwa kwato. Kila baada ya muda greda linapita, linakwangua mtaro na kuacha ardhi uchi. Nyasi za kudumu, zile zenye mizizi mirefu inayokaa miaka, zinachukua muda mrefu kurudi kwenye ardhi kama hiyo. Kinachowahi ni magugu ya msimu mmoja, ambayo mkakati wake wa maisha ni kuzaa mbegu nyingi na kufa.

Gugu karoti ni bingwa wa mchezo huo. Asili yake ni Amerika, na shina moja kubwa linaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu ni ndogo sana, zinashika kwenye tope la matairi, kwenye moramu iliyobebwa kutoka machimbo ya mbali, kwenye manyoya ya kondoo. Mmea wenyewe unatoa kemikali zinazozuia majirani kuota vizuri. Ng'ombe akilazimika kuula, maziwa yanakuwa machungu, na wapo watu wanaowashwa ngozi au kubanwa kifua kwa kuugusa tu. Unafuata barabara kama abiria. Swali la kisayansi ni hili: unashuka wapi, na unaingia ndani umbali gani? Mimi nisingeweza kulijibu kwa nukta zangu 40, kwa sababu zote zilikuwa kituoni.

Nilirudi nyumbani mwezi wa 6, safari hii kwa hela ya kukopa. Msimamizi alinipa utaratibu ambao nadhani kila mtu wa fildi aujue: usitawanye nukta ovyo, chora mstari unaoanza kwenye ukingo na kuingia ndani, kisha pima kwenye mita 1, 5, 25, 100 na 400. Nukta zinabanana karibu na ukingo kwa sababu huko ndiko mabadiliko yanakotokea haraka. Halafu rudia mistari mingi, kwenye kingo za aina tofauti. Nikachagua tatu: barabara, shamba, na boma lililohamwa.

Boma lilikuwa wazo la koko, bibi yangu mzaa baba. Aliniona nikichimba kando ya barabara akauliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta mahali ambapo watu wameubadilisha udongo. Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa unatafuta barabarani kwa nini? Njoo nikuonyeshe nilipoolewa."

Tulitembea karibu saa nzima. Alisimama mahali ambapo mimi niliona uwanja wa majani mafupi tu, wa kijani kuliko pembeni, kama duara lililonyooshwa kidogo. Hakuna mti ndani yake. Akaniambia pale palikuwa lango, pale zizi la ng'ombe, pale nyumba yake. Waliondoka kabla baba yangu hajatahiriwa. Niliposukuma auga chini kwenye zizi ilizama kwa urahisi, na udongo uliotoka ulikuwa wa kijivu, mwepesi, kama majivu yaliyochanganywa na unga. Hatua 30 nje ya duara auga hiyohiyo ilibidi niipande kwa miguu miwili.

Kinachotokea kwenye boma ni hesabu ya usafirishaji. Ng'ombe wanakula mchana kwenye eneo la kilomita nyingi, usiku wanalala sehemu moja. Mchana wanakusanya, usiku wanamwaga. Kila usiku kwa miaka, samadi na mkojo vinaweka naitrojeni, fosforasi na kalisi mahali padogo. Boma likihamwa, kwanza linakuwa jangwa la samadi. Halafu yanakuja magugu yapendayo naitrojeni. Baadaye, baada ya miaka, zinaingia nyasi za kutambaa za jamii ya Cynodon, fupi, tamu, zenye lishe. Naitrojeni hupungua kidogokidogo, nyingine ikipaa kama gesi, nyingine ikizama na maji. Fosforasi haina namna ya kupaa. Inashikamana na chembe za udongo na kubaki. Na kwa kuwa majani ni matamu, swala na pundamilia wanakuja kula, wanayakata mafupi na kuacha kinyesi chao. Wanyama pori wanaendeleza kazi iliyoanzwa na ng'ombe.

Huko Laikipia, Kenya, maboma ya namna hii yamechunguzwa kwa muda mrefu. Truman Young na wenzake waliandika mwaka 1995 kuhusu viwanja vya majani vilivyo katikati ya vichaka vya migunga, na athari zinazovuka kingo za viwanja hivyo kwenda kwenye vichaka vinavyovizunguka. Baadaye Lauren Porensky aliuliza swali lililonikosesha usingizi: kingo mbili zikikaribiana inakuwaje? Jibu lake la mwaka 2011 ni kwamba huwezi kujumlisha tu. Eneo lililobanwa kati ya viwanja viwili vilivyo jirani lina tabia yake, tofauti na lile lenye ukingo mmoja tu karibu. Na mwaka 2018 kundi la Fiona Marshall lilichapisha matokeo kutoka maeneo ya wafugaji wa kale huko Narok, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Alama ya virutubisho bado imo udongoni. Watu wale hatujui hata walijiitaje, lakini samadi ya ng'ombe wao bado inalisha majani.

Nimelikalia hili la boma kwa sababu linavuruga hadithi tuliyozoea, kwamba kila alipogusa binadamu pameharibika. Ila tusikimbilie sherehe. Utajiri wa boma haukutoka mbinguni, umetoka mbugani. Kila fosforasi iliyolala kwenye zizi la koko iliondolewa kwenye nyasi za mahali pengine, kidogokidogo, kwa mdomo wa ng'ombe. Na ukingo wa boma lenye watu una sura mbili: ndani mbolea, nje kidogo ni pete ya ardhi iliyokanyagwa na kukatwa miiba ya ua na kuni. Kinachookoa hali ni kuhama. Boma likihama, pete inapumzika na kiwanja kinabaki zawadi. Boma lisilohama kamwe linaendelea kurundika mbolea mahali ambapo hakuna jani la kuitumia.

Nakuja kwenye ukingo wa tatu, na hapa somo linaacha kuwa la chuo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amepata mtu kutoka mjini anayetaka kukodi ekari 50 za kulima mahindi na maharage. Mahali alipopataka ni katikati ya alalili, ile sehemu ya malisho tunayoitunza kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu wakati wa kiangazi. Udongo wa pale ni mzuri, ndiyo sababu tunautunza, na ndiyo sababu naye aliutaka. Hela ilikuwa ya maana. Ada yangu mimi ilikuwemo kwenye mipango ya hela hiyo, na kaka hakuacha kunikumbusha.

Jioni moja mzee aliniita mbele ya wote. "Wewe umesoma udongo. Mbuga yetu ni kubwa. Ekari 50 katikati yake zitaharibu nini?"

Sikuwa na jibu la kishujaa. Nilimwambia kwanza ninachokijua kuhusu jembe. Nyasi za mbuga zinaweka sehemu kubwa ya mwili wake chini ya ardhi, na mizizi hiyo ikifa na kuoza ndiyo inayojenga mboji. Jembe la trekta likipindua udongo, mizizi inakatwa, hewa inaingia, vijidudu vinaila mboji haraka, na kaboni iliyohifadhiwa kwa miaka mingi inaondoka. Miaka ya mwanzo mavuno yanakuwa mazuri kwa sababu unavuna akiba. Shamba likiachwa, yanayoota ni magugu, na nyasi za kudumu kama Digitaria na Panicum, zilizotajwa na Kahurananga mwaka 1979 alipoandika kuhusu uoto wa mbuga za Simanjiro, haziharakishi kurudi. Ni nyasi hizohizo zinazowatoa nyumbu na pundamilia Tarangire kila masika kuja kuzaa na kunyonyesha kwetu.

Hayo mzee aliyajua, kwa maneno yake. Alichotaka ni cha pembeni mwa shamba. Nikachukua fimbo, nikachora mchangani.

Chukua mbuga ya mraba, kilomita moja kwa kilomita moja. Hiyo ni hekta 100. Tuseme athari za ukingo zinaingia mita 50 kila upande. Namba hiyo ni ya mfano tu, maana maji hufika mita chache, vumbi linakwenda mbali zaidi, na njia za mifugo zaidi ya hapo. Ukiondoa pembe zote, unabaki na mita 900 kwa 900, yaani hekta 81 za mbuga ambayo bado ni mbuga. Sasa kata hekta 100 hizohizo ziwe vipande 25, kila kimoja mita 200 kwa 200, mashamba na njia zikipita katikati yake. Kila kipande kikipoteza mita 50 kila upande kinabaki na mita 100 kwa 100, hekta moja tu. Vipande 25, hekta 25. Ukivikata viwe vya mita 100 kwa 100, hakuna kinachobaki, vyote ni ukingo. Kwenye makaratasi bado utaandika hekta 100 za malisho, na hutakuwa umedanganya.

Mzee aliitazama ile michoro kwa muda. Halafu akasema jambo ambalo sijalikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma. "Ng'ombe wangu sipeleki karibu na shamba la mtu. Mtoto akisinzia kidogo, wameingia, ni faini au ni ugomvi. Kwa hiyo hizo mita 50 zako ni chache. Shamba linakula kuliko lilivyolimwa."

Na kweli, nilipopima pembeni mwa shamba la zamani lililo upande wa pili wa kijiji, kilichojitokeza zaidi hakikuwa mbolea wala magugu. Kilikuwa njia. Shamba liliziba mapito ya mifugo kwenda majini, kwa hiyo mifugo yote inazunguka kandokando ya uzio wa miiba, na pale ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Maji ya mvua hayaingii, yanakimbia na kuanza kuchonga kijikorongo. Ukienda mita 100 ndani, auga inaingia tena. Baadhi ya majani niliyoyaandika kwenye mita 400 hayakuwepo kabisa kwenye mita 5.

Kwa wanaofuatilia mambo makubwa zaidi: kisa cha ekari 50 kinafanana na cha Serengeti, tofauti ni ukubwa tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilizuia barabara ya lami kupita kaskazini mwa hifadhi, na mjadala mwingi ulikuwa juu ya nyumbu kuvuka. Mwaka 2019 Michiel Veldhuis na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science kwamba shinikizo la mifugo na makazi pembezoni mwa Serengeti na Mara limewasukuma wanyama kujibana katikati. Katikati kunaliwa zaidi, moto unapungua, na hata uhusiano wa mimea na udongo unabadilika huko ndani ambako hakuna aliyelima. Ukingo uliingia ndani kwa miguu ya wanyama. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka mzee na faini zake.

Kaka hakufurahi. Alisema mimi nimetumwa na chuo kuja kuzuia maendeleo, na kwamba michoro ya mchangani hailipi ada. Kwenye hilo la ada hakukosea. Wazee walikaa mara tatu. Mwisho walikubali kukodisha, ila si katikati ya alalili. Walitoa kipande kinachopakana na shamba la zamani na barabara, ambako kingo tayari zipo na gugu karoti limeshafika, ili ukingo mpya uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Udongo wa pale ni hafifu zaidi, na mkodishaji alishusha bei. Sehemu ya ada yangu ya mwaka huu iliondokea hapo. Bado sijajua kama nilisema vizuri au nilijichongea, na kaka akipiga simu tunaongea habari za mifugo tu.

Trekta liliingia mwezi wa 11. Wiki moja kabla, nilikwenda nikagonga vyuma vifupi vya nondo kwenye mistari mitatu kuanzia ulipochorwa mpaka wa shamba, mita 1, 5, 25, 100 na 400, nikachukua udongo na kuhesabu majani kabla jembe halijagusa. Kwa mara ya kwanza nina vipimo vya ukingo kabla haujazaliwa. Koko anavilinda vile vyuma, ingawa mbuzi wanavipenda kwa kujikunia na viwili vimeshalala.

Nakwenda tena baada ya mitihani, mvua zikikatika. Nahitaji watu wawili, wa kozi yoyote, mmoja wa kushika kamba na mmoja wa kubeba udongo. Nauli kila mtu ajitegemee. Kulala na kula ni kwetu, maziwa hayana kipimo. Anayetaka aniulize pale kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba, jioni huwa nipo.